Msaada wa mafuriko Kano: jina langu halikuwa kwenye orodha

Naandika haya kwa walio Ahero, Budalang'i na kokote ambako mto ukifura unaingia ndani ya nyumba. Msaada upo, mimi mwenyewe niliupata, ila niliupata kwa taabu ambayo mwingine anaweza kuepuka.

Maji yalitufikia usiku, mwisho wa Aprili 2024. Hapa Kano, kaunti ya Kisumu, jua linaweza kuwaka mchana kutwa, lakini mvua ikinyesha Nandi na Kericho, mto Nyando unatuletea yote. Nilibeba mtoto mdogo, mkubwa akamshika bibi yake mkono, tukapanda kwa shemeji yangu ng'ambo ya barabara. Kitambulisho kilibaki kwenye mkoba nyuma ya mlango.

Msaada ulipokuja ulikwenda kambini, katika shule ya msingi. Mzee wa kijiji ndiye aliyeandika majina, akampa naibu chifu, naibu akampelekea chifu. Walioandikwa ni waliolala darasani. Sisi tuliopokewa na jamaa hatukuhesabiwa, ingawa nyumba zetu zilizama vilevile.

Siku ya kugawa nilikaa kwenye foleni tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Ukiitwa unachovya kidole kwenye wino, unapewa unga, maharagwe, blanketi, chandarua, sabuni na dawa ya kutibu maji. Mimi sikuitwa. Nilipokwenda mezani kuuliza, afisa alitazama miguu yangu kwanza. "Mama, wewe ulilala pakavu," akasema, akaita jina linalofuata. Viatu nilivyovaa vilikuwa vya shemeji. Niliumia, na bado inaniuma, kwa sababu hakuniuliza hata swali moja.

Aliyenisaidia ni mzee wa kijiji. Maji yalipopungua nilimwomba aje aione nyumba. Akavua viatu, akaingia kwenye tope, akasimamisha fimbo yake kando ya ukuta. Mstari wa maji ulikuwa juu ya fimbo. Gunia la mpunga tulilokuwa tumelihifadhi lilikuwa limeanza kuchipua. Aliandika barua palepale, akiwa ameiweka daftari juu ya goti, na kesho yake naibu chifu akaigonga muhuri. Watu hawa wawili nawashukuru kwa moyo wote.

Halafu shule zikafunguliwa Mei 13 na kambi ikavunjwa. Waliokuwa darasani nao wakatawanyika kwa jamaa kama mimi, ikabidi orodha iandikwe upya. Ndipo nikaingia. Nilipata unga, blanketi mbili na turubai, na turubai hilo ndilo lililotufunika hadi tulipoezeka upya.

Pesa za msaada zilizotumwa kwa simu sikuzipata. Jina la laini lazima lilingane na la kitambulisho, na laini yangu ilisajiliwa kwa jina la marehemu mume wangu. Sikuwahi kuona haja ya kuibadilisha. Hata kuibadilisha kulihitaji kitambulisho, na kitambulisho kipya kilihitaji abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuonyesha kwamba cha zamani kimepotea, nauli ya kwenda na kurudi, kisha wiki za kungoja. Nilipomaliza, zoezi la pesa lilikuwa limefungwa. Tafadhali, dada zangu wajane, angalieni laini zenu leo.

Kilichotushika wakati huo ni Inua Jamii ya mama mkwe, zile shilingi 2,000 za serikali kwa mwezi wanazopewa wazee wa miaka 70 na zaidi. Yeye alikuwa ameandikishwa zamani, hakuna aliyemwuliza alilala wapi.

Ukihama kwenda kwa ndugu, mpigie mzee wa kijiji kabla hata hujatua mzigo, mwambie uko wapi na mko wangapi. Piga picha ya mstari wa maji ukutani kabla hujausafisha. Na kwa wanaopanga misaada hii naomba jambo moja tu: kwenye fomu pawe na nafasi ya aliyehifadhiwa na jamaa. Kano wengi hukimbilia kwa ndugu kwanza, shule huja baadaye.

Kitambulisho changu kipya kiko kwenye kopo la mafuta lenye kifuniko, pamoja na cha mama mkwe na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtoto mkubwa anajua liko wapi, na anajua kwamba maji yakija hilo ndilo lake kubeba.