MenuLibre: kipi kibaki kwenye menyu, kipi kifichwe

Menyu ya kompyuta ya Linux huanza ikiwa safi, kisha hujaa wageni wasiopiga hodi. Unasakinisha kitu kimoja unachokihitaji, kinakuja na ndugu zake. Avahi, ambayo kazi yake ni kuzisaidia kompyuta na printa kutambuana ndani ya mtandao mmoja, inaweza kukuwekea majina matatu: Avahi SSH Server Browser, Avahi VNC Server Browser na Avahi Zeroconf Browser. Programu za kupimia kamera zinakuja na Qt V4L2 test Utility. Vim ya kuhariri maandishi na htop ya kutazama kazi zinazoendelea kwenye kompyuta, ambazo huendeshwa ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nazo zina ikoni zake. LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi, peke yake inaweza kuchukua nafasi saba.

Mimi huwafundisha watu wazima kutumia kompyuta, wengi wao wakiwa hawajawahi kuishika, na mashine wanazozikuta mezani nimeziandaa mwenyewe. Kwa hiyo kipi kionekane kwenye menyu, kwangu, ni sehemu ya somo. Mwanafunzi anatafuta mahali pa kuandika barua, anakutana na "Qt V4L2 test Utility", anasimama. Analisoma jina lote herufi kwa herufi, akiamini kwamba ni lazima alielewe kabla ya kuendelea. Kisha anaondoa mkono kwenye kipanya. Aliyeliweka jina lile pale hakumfikiria hata kidogo, na hilo linaniuma kila ninapoliona.

Chombo ninachotumia kusafisha ni MenuLibre, programu huria iliyoanzishwa na Sean Davis. Watumiaji wa Xubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, huikuta tayari imo ndani ya mfumo. Wengine wanaweza kuisakinisha, iwe mazingira yao ya eneokazi, yaani sura ya skrini na menyu zake, ni Xfce, GNOME au Cinnamon. Ukiifungua, kushoto kuna menyu nzima imepangwa kwa makundi yake. Kulia kuna taarifa za programu uliyoichagua: jina, maelezo mafupi, amri ya kuiwasha, ikoni, na swichi chache. Moja ya swichi hizo ndiyo inayonifanya niisifu, ile ya kuficha kwenye menyu. Unaiwasha, unahifadhi, basi. Programu ipo palepale, haijaguswa, ila haimkodolei macho mtu asiyeihitaji.

Ubora wa swichi hiyo hauonekani mpaka ujue kinachoendelea chini yake. Kila unachokiona kwenye menyu kimetoka kwenye faili dogo la maandishi ambalo jina lake linaishia na .desktop. Mengi ya mafaili hayo yamo ndani ya /usr/share/applications. Flatpak na Snap ni njia nyingine za kusakinisha programu: za Flatpak zilizowekwa kwa ajili ya mfumo mzima zina yao ndani ya /var/lib/flatpak/exports/share/applications, na za Snap zimo ndani ya /var/lib/snapd/desktop/applications. Utaratibu wa kuyaandika unatunzwa na freedesktop.org, mradi ulioanzishwa na Havoc Pennington mwaka 2000 ili mazingira mbalimbali ya eneokazi yaelewane. Ndiyo maana faili lilelile linasomeka kwenye GNOME, KDE na Xfce. Juu ya hayo yote kuna folda iliyo yako peke yako, ~/.local/share/applications (alama ~ ni folda yako ya nyumbani). Humo ukiweka faili lenye jina sawa na lile la mfumo, lako ndilo linalosikilizwa.

Nimekutana na mafundi wazuri tu ambao hawalijui hili. Wanaingia kwenye folda ya mfumo kwa mamlaka ya root, mtumiaji anayeruhusiwa kila kitu, na kufuta mafaili wasiyoyataka. Menyu inapendeza hadi siku programu itakaposasishwa, na faili lililofutwa linarudishwa pamoja na kifurushi kipya, yaani mafaili ya programu yanayosakinishwa kwa pamoja. MenuLibre imelifunga kabisa tundu hilo: ukijaribu kuiendesha kama root, inakataa. Naiunga mkono kwa asilimia mia. Kwa kuwa kila inachokifanya kinaishia kwenye folda zako mwenyewe, njia ya kurudi ipo siku zote. Futa nakala yako, na faili la asili linaonekana tena kama lilivyokuwa.

Sasa jambo ambalo ningependa kila anayegusa menyu ya mtu mwingine alijue. Swichi ya kuficha huandika mstari mmoja, NoDisplay=true. Kwenye ukurasa wa mambo ya ziada kuna chaguo lingine, Hidden, na majina haya mawili yanafanana mno kwa vitu visivyofanana. NoDisplay inamaanisha: programu ipo, usiionyeshe tu kwenye menyu. Hidden inamaanisha: hesabu kwamba faili hili halipo duniani. Tofauti utaiona siku mtu atakapobofya picha yake. Programu ya kutazama picha haina sababu ya kukaa kwenye menyu ya mwanafunzi wangu, kwa sababu mwanafunzi haifungui ikiwa tupu. Anakwenda kwenye folda na kubofya picha yenyewe. Nikiificha kwa NoDisplay, picha zinaendelea kufunguka kama kawaida. Nikitumia Hidden, mfumo unasahau kwamba kuna programu inayojua kufungua picha, na kama hakuna nyingine, mtu anabaki na kisanduku kinachomuuliza afungue kwa kutumia nini.

Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo PDF zilikuwa hazifunguki. Mwenyewe alikwisha kuambiwa asakinishe mfumo upya. Kisomaji cha PDF kilikuwepo, kizima, lakini mtu aliyesafisha menyu alikuwa ameandika Hidden=true kwenye faili lake. Kulifuta faili lile moja kulitosha. MenuLibre imefanya vizuri kuiweka NoDisplay mbele, mahali ambapo kila mtu anaifikia, na kuisukuma Hidden nyuma. Ningetamani pia iweke maneno machache ya onyo kando ya Hidden, maana jina lake pekee linamvuta mtu.

Niseme udhaifu wake, kwani upo na si mdogo. Unapobadilisha chochote, hata kama ni jina tu, kinachohifadhiwa ni nakala kamili ya faili, pamoja na amri ya kuwasha programu. Nakala hiyo inaganda hapo. Watengenezaji wakibadilisha amri kwenye toleo jipya, faili la mfumo linabadilika, lako linabaki na amri ya zamani, na mtu anabofya ikoni bila kitu kutokea. Ukiiondoa programu kabisa, ikoni uliyoibadilisha jina inaweza kubaki kwenye menyu ikielekeza mahali patupu. Kwa hili la pili kuna dawa ndani ya MenuLibre yenyewe: kwenye ukurasa wa mambo ya ziada jaza TryExec kwa njia kamili ya programu. Menyu zinazoiheshimu TryExec huacha kuonyesha kitu ambacho programu yake haipo. Kwa lile la kwanza sijapata dawa zaidi ya kubadilisha vitu vichache na kukumbuka nilivyovibadilisha. Alama ndogo ya kunijulisha kwamba nakala yangu na faili la mfumo havifanani tena ingeniondolea mzigo mkubwa.

Jambo jingine ni mpangilio. Ukianza kusogeza vitu juu na chini kwa vile vishale vyake, MenuLibre huandika pia faili la mpangilio ndani ya ~/.config/menus, na kuanzia hapo menyu inafuata agizo lako. Kwa maoni yangu, usisogeze. Alfabeti inatosha, na mtu anayehamia kompyuta nyingine hatapotea.

Watu huniuliza ninavyoamua. Sina orodha, ila ninajiuliza: je, kuna mtu atakayekaa mbele ya mashine hii na kuitaka programu hii kabla hajashika faili lolote? Kivinjari, ndiyo. Kikokotoo, ndiyo. Writer ya kuandikia, Calc ya majedwali na Impress ya maonyesho, ndiyo. LibreOffice Math ninaificha bila wasiwasi, kwa sababu fomula huingizwa kutoka ndani ya Writer yenyewe. Base, ya hifadhidata, naificha pia kwa wanaoanza. Draw huwa naiacha, kwani kuna watu wanaochora matangazo nayo na hawajui pengine pa kwenda. Avahi zote tatu, nje. Vim na htop, nje: anayejua htop ni nini ataiandika kwenye terminali, na asiyejua hatasaidika kwa kuiona. Kumbuka tu kwamba kilichofichwa kwa NoDisplay kwa kawaida hakitokei hata kwenye kisanduku cha kutafutia cha menyu. Kwa hiyo usifiche kitu ambacho mtu anaweza kuambiwa na mwenzake, "kifungue uone."

Mahali ninapokaza zaidi ni kwenye mipangilio. Kishawishi cha kuificha yote ni kikubwa, hasa kwenye chumba cha mafunzo, ili wasiharibu. Sifanyi hivyo. Mtu anayetumia kompyuta ana haki ya kupata sauti, mtandao, printa na nenosiri lake bila kuniomba. Menyu inayomfanya anitegemee mimi imekosewa, hata ikiwa fupi na nzuri kiasi gani. Ninachoficha huko ni vile vinavyojirudia: mashine yenye Xfce na KDE kwa pamoja inaweza kuwa na mipangilio ya pande zote mbili. Hapo situmii NoDisplay. Ninajaza OnlyShowIn=XFCE; ili kitu kionekane pale tu XDG_CURRENT_DESKTOP, kigezo kinachotaja eneokazi linalotumika, inapotaja Xfce, na anayeingia KDE akute vya KDE. MenuLibre ina sehemu ya kuandikia hilo, ingawa inakubidi ujue unachoandika.

Wakati mwingine jibu si kuficha bali kubadilisha jina. Ristretto, programu ya kutazama picha, ni jina lisilomwambia mtu chochote. Kwa anayeitaka kwenye menyu, ukiliandika "Kutazama picha", linajieleza. Hapa MenuLibre ni rahisi mno, na kitufe chake cha kujaribu kinakuwezesha kuhakikisha kwamba bado inafunguka kabla hujahifadhi.

Lakini ingefaa sana kama kazi hii ingekuwa imefanywa mapema, na wale wanaoandaa vifurushi. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliwahi kubeba mifumo miwili ya menyu kwa wakati mmoja, ule wake wa zamani na huu wa mafaili ya .desktop, hadi mwaka 2015 kamati yake ya kiufundi ilipoamua kwamba kifurushi chenye faili la .desktop kisilete tena faili la menyu ya zamani. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu mtu mmoja alipata kujibu swali moja mahali pamoja. Lakini swali la kama programu inastahili kuonekana linabaki kwa kila mwandaaji, na wengi wao hujibu ndiyo kwa sababu kuandika ndiyo hakuwagharimu kitu. Mstari ule ule wa NoDisplay ungeweza kuandikwa na wao mara moja, nasi tusiuandike kwenye kila mashine.

Kuna vyombo vingine. Kwenye KDE sina sababu ya kutafuta mbali: KMenuEdit hufunguka kwa kubofya kitufe cha menyu kwa upande wa kulia wa kipanya, ina chaguo lake la kuficha, na inakuonyesha ulivyovificha. Alacarte ina visanduku vya kutia tiki, nayo ni ya haraka pale unapotaka kupunguza vitu vingi kwa mkupuo, lakini haikupi nafasi ya kuhariri mambo ya ndani kama MenuLibre. Wenye Whisker Menu kwenye Xfce wanaweza kuficha programu papo hapo kutoka kwenye menyu yenyewe. GNOME iliachana na menyu ya kawaida ilipoingia toleo la 3 mwaka 2011, lakini gridi yake ya ikoni inasoma mafaili yaleyale, kwa hiyo ulichokificha kwa MenuLibre kitafichika na huko.

Anayetunza mashine inayotumiwa na watu wengi ajue kwamba MenuLibre itamsaidia nusu ya njia tu, maana inagusa akaunti moja. Mimi huandaa menyu ndani ya akaunti ya majaribio, nikiridhika nayachukua mafaili yaliyomo kwenye ~/.local/share/applications na kuyanakili ndani ya /usr/local/share/applications. Kwa mpangilio wa kawaida folda hiyo husomwa kabla ya /usr/share, na kusasisha vifurushi hakuigusi, hivyo kila akaunti mpya inaanza na menyu niliyoichagua. Mwenye akaunti akitaka htop irudi, anafungua MenuLibre yake, anazima swichi, na faili lake linashinda langu.