Otomatiki Inavuja Oili: Ununue Nini Kwanza

Mwenye gari la zamani la otomatiki mjini Tanga hukuta siku moja doa jekundu chini ya gari lake, na ushauri wa kwanza atakaopewa kijiweni huenda ukawa ni kununua gia boksi ya mtumba. Katika orodha yangu, huo ndio ununuzi wa mwisho. Uvujaji mwingi hutokana na mpira uliokauka au gasketi iliyochoka, vitu vya bei ndogo hata kama kazi ya kuvifikia ni kubwa. Nimepanga spea hizi kwa kigezo kimoja tu: ukizitolea fedha zako, kuna uwezekano gani kwamba tatizo litakwisha.

Kabla ya kwenda dukani, tandika kipande cha boksi safi chini ya gari usiku kucha, kisha asubuhi ushike tone kwa vidole. ATF, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, ikiwa mpya ni nyekundu, hugeuka kahawia inapozeeka, na huacha utelezi wa mafuta. Maji mekundu ya rejeta, ambayo Toyota nyingi huyatumia, ni mepesi na yakikauka huacha ukoko wa rangi. Jihadhari pia na usukani wa haidroliki, kwa kuwa magari mengi ya zamani hutumia humo oili nyekundu ya aina hiyohiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kumimina chupa nzima ya dawa ya kuziba ndani ya gia boksi, na baadaye ikaonekana kwamba kilichokuwa kikivuja ni hozi ya usukani. Upepo wa safarini husukuma oili kuelekea nyuma, kwa hiyo mahali inapodondokea si lazima pawe ndipo inapotokea. Osha tumbo la gari, likauke, paka poda ya mtoto sehemu unazozishuku, endesha kilomita chache, kisha utafute sehemu ya juu na ya mbele zaidi iliyolowa.

Pima pia kiwango cha oili, kwa sababu gia boksi iliyojazwa kupita kiasi hufanya povu na kutoa oili kwenye tundu lake la kupumulia, na tiba yake ni kupunguza tu. Toyota yenye stiki ya kupimia oili hupimwa ikiwa ya moto, injini ikiunguruma, mahali pa tambarare. Honda nyingi hutaka injini iwe imezimwa muda mfupi uliopita.

Nafasi ya kwanza naipa hozi za kupozea oili pamoja na vibano vyake. Oili ya gia boksi husafiri kwa paipu mbili hadi kwenye tangi la rejeta ili ipoe, na vipande vya mpira vilivyoko mwishoni mwa paipu hizo hukakamaa kwa joto la miaka mingi. Kwa gari linalolala karibu na bahari, tuseme Raskazone, chunguza hata paipu za chuma, kwani chumvi huzila taratibu bila kelele. Nunua hozi iliyotengenezwa kwa ajili ya oili ya moto. Hozi ya maji italainika na kupasuka, pengine ukiwa katikati ya mlima wa Mombo kwenda Lushoto, ambao ni takriban kilomita 33 za kona zinazoichemsha gia boksi yoyote. Unapokagua hozi hizo, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa: ukiona uji wa rangi ya waridi, rejeta imetoboka kwa ndani, na hapo rejeta mpya inaruka foleni yote, wala gari lisiendeshwe tena kabla ya kusafisha mfumo wote.

Ya pili ni gasketi ya sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya gia boksi, ambayo ni vyema kuinunua pamoja na filta kwa kuwa sampo itashushwa vyovyote vile. Bolti zake ni ndogo, nyingi za spana ya 10, na fundi anayezikaza kwa hasira hupinda midomo ya sampo, kisha gasketi mpya nayo huvuja. Kama sampo yako ilifungwa kwa gasketi ya maji, ile ya kukamuliwa kama gundi, kutoka kiwandani, nunua tyubu yake na usilazimishe ya karatasi.

Ya tatu ni sili, yaani mipira ya kuzuia oili, za shafti za magurudumu. Nenda dukani Ngamiani na sili ya zamani mkononi, kwa sababu ya kulia na ya kushoto huweza kutofautiana, na usome vipimo vya milimita vilivyochapwa juu yake.

Ya nne ni sili ya mbele, ile iliyopo kati ya injini na gia boksi. Yenyewe ni ya bei rahisi, lakini gia boksi nzima lazima ishushwe, na kwa hiyo hapa ndipo ninaposisitiza ununue orijino na kubadilisha wakati huohuo sili ya nyuma ya injini.

Kazi yoyote kati ya hizo itahitaji oili, nayo hainunuliwi kwa rangi. Stiki za Toyota nyingi zimeandikwa aina, kama vile T-IV. WS ni aina nyingine, na oili ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ni nyingine kabisa. Ukimwaga kwa bolti ya chini, Toyota ndogo nyingi hutoa kama lita 3 hadi 4 tu, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya toki konveta, chombo kinachounganisha injini na gia boksi. Pima iliyotoka, urudishe kiasi hicho, kisha upime tena kwa stiki.

Dawa ya kuziba naiweka ya tano. Hutanua mpira uliosinyaa, basi. Haiwezi kuziba paipu iliyooza wala sampo iliyopinda.

Gia boksi ya mtumba inunuliwe pale tu ya kwako inapoteleza au kuchelewa kuingiza gia hata baada ya kiwango kuwa sahihi. Linganisha namba ya aina ya gia boksi iliyo kwenye kibati cha gari, palipoandikwa TRANS/AXLE, na uibadilishe sili zake zote ikiwa bado iko chini, maana mpira wake nao ni mzee.