Kebo ya nyaya sita na picha zilizokuwa zikikatika katikati

Nimeitumia kebo hii ya USB kwenda siriali (poti inayopitisha data biti moja baada ya nyingine) kwa miezi minne, kwenye kisima cha kijiji chetu huko Singida. Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaohangaika na modemu za GSM, yaani zinazotumia laini ya simu, kwa sababu kabla yake nilipoteza wiki sita nikiulaumu mtandao.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kila jioni kamera inapiga picha ya dira ya maji, Raspberry Pi, kompyuta ndogo, inaipitisha kwenye modemu, na modemu inaipakia kwenye seva kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili) kupitia mtandao wa simu wa 2G. Kamati ya maji inasoma namba na kujua makusanyo ya siku yawe kiasi gani. Picha isipofika, kesho yake mama anayehudumia kisima anatazamwa kwa jicho la shaka, naye hana kosa lolote. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwa kebo ya kwanza, ya Sh 8,000, nikituma AT, amri ya kuijaribu modemu, inajibu OK. Faili la maandishi linapanda vizuri. Picha ya kilobaiti 40 inafika katikati, kimya, kisha naambiwa muda wa kusubiri umekwisha.

Nilianza na mepesi. Kunyimwa ruhusa ya kufungua /dev/ttyUSB0, jina la poti ya kebo kwenye kompyuta, kuliisha nilipomwingiza mtumiaji kwenye dialout, kundi lenye ruhusa ya poti hizo, na kuingia upya. Kuambiwa kwamba poti inatumika, hiyo ilikuwa ModemManager, programu inayopitia poti ikitafuta modemu, nikaizima. Kasi ya siriali nikaifunga kwenye biti 115200 kwa sekunde kwa amri ya AT+IPR=115200. Picha zikaendelea kukatika. Nikapandisha antena juu ya mlingoti mrefu, bure.

Nilipopiga hesabu ndipo nikaelewa. Kwa kasi ya 115200, kila baiti ikibebwa na biti 10, kompyuta inamwaga baiti 11,520 kwa sekunde. 2G kwa kawaida haifikii kasi hiyo kupakia. Ghala dogo la ndani ya modemu linajaa, na lazima modemu ipate namna ya kusema "subiri kwanza". Mimi nilikuwa nimewasha XON/XOFF, ishara zinazopita kwenye waya uleule wa data: baiti yenye namba 19 kusimamisha na yenye namba 17 kuruhusu. Maandishi ya kawaida hayana baiti hizo, ila picha imejaa tele. Modemu ilizimeza ikidhani ni ishara, hesabu ya faili ikapungua, nayo ikabaki kusubiri baiti ambazo tayari ilikuwa imezitupa.

Picha zinahitaji nyaya mbili za pembeni, RTS na CTS, za kubeba "subiri" hiyo nje ya data. Nikafungua kichwa cha kebo yangu: nyaya tatu tu, kutuma, kupokea na ardhi. Hakuna amri ambayo ingeiponya.

Kebo hii mpya ina nyaya sita: hizo tatu, RTS, CTS na wa umeme. Chipu yake ya kugeuza USB kuwa siriali ni FT232, ya volti 3.3 kama modemu yangu inavyotaka. Nililipa Sh 35,000 na sijuti. Niliiambia modemu itumie RTS na CTS kwa amri ya AT+IFC=2,2, nikawasha mpangilio uleule, rtscts, upande wa kompyuta pia; ukiwasha upande mmoja tu utarudi palepale. Picha ya kwanza ilipanda yote jioni ileile.

Neno moja kuhusu waya wa umeme wa kebo hii. Usiutumie kulisha modemu. Modemu za 2G kama SIM800 zinaporusha mawimbi huvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kifupi sana, na poti ya kawaida ya USB 2.0 imepangiwa ampea 0.5. Modemu itajizima katikati ya kupakia, nawe utarudi kutafuta kosa kwenye siriali. Yangu nimeipa chanzo chake cha umeme; kati ya umeme wake na wa kompyuta, ardhi tu ndiyo imeunganishwa.

Katika siku 121 zimefika picha 118. Tatu zilizokosekana, mnara wa simu ulikuwa umezimika. Mama wa kisima sasa anapata nakala kwenye simu yake kabla hajafunga lango.