Taa za gari la spoti la zamani: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukitoka Kampala saa moja jioni kuelekea Masaka, giza linakukuta kabla hujafika Mpigi. Hapa Ikweta jua halichelewi: likishazama, limezama. Na barabara haikungoji. Kuna boda boda isiyo na taa ya nyuma, kuna baiskeli iliyobeba mikungu ya matoke, kuna lori lililokufa katikati ya njia na matawi mawili matatu yametandazwa lami kama onyo. Mwenye Datsun 240Z au MGB ya miaka ya 70 huyaona hayo yote akiwa ameshayafikia. Jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kununua taa za LED. Hilo ndilo kosa la kwanza, kwa sababu mara nyingi taa za magari haya si mbovu. Zina njaa ya umeme.

Kabla ya kutoa hela, pima. Azima multimita, washa injini, ishikilie kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, kisha washa taa za dimu (mwanga wa chini). Pima kwenye betri: unatarajia volti 14 au karibu na hapo. Sasa pima nyuma ya taa, kwenye pini za soketi, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Ukiichomoa, umeme hautembei, na mita itakudanganya kwamba kila kitu ni kizima. Tofauti ikiwa nusu volti, waya zako ni nzuri. Ruka moja kwa moja hadi nafasi ya pili ya orodha hii. Lakini gari ambalo halijaguswa kwa miaka 40 si ajabu likasoma volti 11.5 pale kwenye taa. Mwanga wa balbu hauteremki sawia na volti, huporomoka: ukipoteza asilimia 10 ya volti umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa volti 11.5, balbu inatoa kama theluthi mbili tu ya mwanga wake wa kawaida, na rangi yake inaelekea ya chai.

Nafasi ya kwanza: rilei mbili na waya mpya

Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha hii, na ndicho kinachobadilisha gari zaidi. Katika magari mengi ya enzi hizo, umeme wote wa taa hutoka kwenye betri, ukapita swichi ya dashibodi, ukapita swichi ya fulu (mwanga wa mbali) na dimu kwenye usukani, ukapita boksi la fyuzi, ndipo ukarudi mbele kwenye taa. Balbu mbili za wati 60 zinakula ampea 10, na ampea hizo zote zinapita kwenye vijisahani vya swichi vilivyochakaa. Kwenye 240Z ni ugonjwa unaojulikana: boksi la fyuzi linapata moto hadi plastiki inayeyuka, na swichi ya usukani inaungua kwa ndani. Rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, inaiondolea swichi ya gari mzigo huo. Swichi inabaki kutoa amri tu.

Kwa gari lenye taa mbili nunua rilei mbili za ampea 30 zenye pini nne, moja ya dimu na moja ya fulu. Vishikio vinne vya fyuzi na fyuzi za ampea 10. Mita mbili za waya wa milimita 4 za mraba. Mita sita za waya wa milimita 2.5, mita tatu za waya mwembamba wa milimita 1 kwa ajili ya amri, na soketi mbili za kauri za H4, balbu yenye nyuzi mbili, wa dimu na wa fulu. Soketi za plastiki ngumu zinatosha kwa balbu ya kawaida, ila kauri haiyeyuki na tofauti ya bei ni ndogo. Fyuzi ni nne kwa sababu moja: kila uzi wa balbu uwe na yake, ili moja ikikatika usiku usipoteze pande zote mbili kwa mpigo.

Waya wa milimita 4 unatoka betri hadi pini 30 ya rilei zote mbili. Mbali na zile fyuzi nne, funga fyuzi kubwa ya ampea 30 karibu kabisa na betri. Pini 87 inakwenda kwenye taa, ikipitia fyuzi ya kila upande. Pini 86 inapokea amri kutoka waya wa zamani wa taa, 85 inakwenda ethi, yaani kwenye chuma cha bodi la gari. Kila taa ipate ethi yake mpya ya milimita 2.5, ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi king'ae, kisha ipakwe grisi. Ukimaliza, weka mkono mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye ethi ya taa: ikizidi volti 0.2, bado kuna kutu au rangi mahali fulani.

Mambo mawili huwaharibia watu kazi hapa. La kwanza ni rilei ya pini tano. Pini ya katikati huandikwa 87a, nayo ina umeme rilei ikiwa imezimwa. Ukiunga taa hapo, zitawaka ukizima na kuzima ukiwasha. La pili linahusu Datsun na Toyota za zamani: nyingi hazikati chanya, zinakata ethi. Chanya kinafika kwenye taa kwa waya mmoja wa pamoja, na swichi ya usukani inachagua ni uzi upi upate ethi. Basi amri ya rilei unaigeuza: 86 inachukua ule waya wa pamoja, 85 inachukua waya unaotoka swichi. Fundi asiyelijua hili ataunga kama alivyozoea na taa zitakataa kuwaka, halafu utaambiwa rilei ni feki.

Viungo vibanwe kwa koleo la terminali na kuvikwa mpira wa kusinyaa. Kuchomea risasi kunapendeza kwa macho, lakini kwenye barabara ya murram waya hukatika pale pale risasi inapoishia, kwa kutikisika.

Nafasi ya pili: taa ya kioo ya H4, na alama zake

Kama gari bado lina taa zilizozibwa, zile ambazo balbu na kioo ni kitu kimoja, badilisha. Kipimo cha inchi 7 ndicho cha 240Z, MGB, Triumph Spitfire na Mazda MX-5 ya kwanza. Magari ya taa nne, kama Toyota Celica ya TA22, hutumia inchi 5¾: za nje ziwe H4, za ndani H1 (balbu ya uzi mmoja), na hizo za ndani zipate rilei yao ya tatu.

Hapa soma kioo kwa macho yako mwenyewe. Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa dimu lazima uinuke upande wa kushoto, uoneshe ukingo wa barabara, na ubaki chini upande wa kulia anakotoka mwenzako. Taa iliyotengenezewa Ujerumani au Ufaransa inafanya kinyume: inamtia kiwi anayekuja na kukuachia kichaka gizani. Tafuta duara lenye herufi E na namba, karibu yake herufi HCR (halojeni, dimu na fulu), kisha mshale. Ukisimama mbele ya taa ukiitazama, mshale uelekee mkono wako wa kulia, ambako ndiko kushoto kwa gari. Mshale wa pande mbili ni sawa, mradi taa igeuzwe upande wetu. Isiyo na mshale kabisa ni ya nchi za kulia. Irudishe kwa muuzaji hata kama anakupunguzia. Kwa bahati nzuri Japani na Uingereza nao wanaendesha kushoto, hivyo Koito, Stanley au Ichikoh zilizotumika, zinazopatikana Kisekka, soko la spea la Kampala, kwa mwenye subira, mara nyingi zinatufaa kuliko mpya zisizo na jina.

Ukinunua iliyotumika, chungulia ndani. Kiakisi kiwe kama kioo cha kujitazamia. Kikiwa na weupe wa maziwa au madoa ya kahawia, kiache. Na usikubali kusuguliwa: ule mng'ao ni utando mwembamba mno wa aluminiamu, kitambaa kikipita unaondoka nacho.

Balbu iwe ya wati 60/55 (fulu/dimu) ya kampuni inayojulikana, Osram au Philips kwa mfano, ya kawaida au ya maisha marefu. Zile zinazotangazwa kuongeza mwanga kwa asilimia 100 na zaidi zina uzi unaofanya kazi kwa joto kubwa, na mashimo hayazichelewi. Zilizopakwa buluu zinazuia mwanga ili zionekane za kisasa tu. Usishike kioo cha balbu kwa vidole vitupu.

Kwa kuwa taa imetoka, kazi ya kurudisha gari hali yake inaanzia hapo. Bakuli la chuma nyuma ya taa hukusanya matope yanayorushwa na gurudumu, na huoza kuanzia chini. Chokonoa kwa bisibisi: ikipenya, bakuli limekwisha. Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, wapo wanaoweza kukukunjia na kuchomelea lingine. Wape la upande mzima kama kielelezo. Skrubu za kurekebisha taa zikiwa zimegandana, zimwagie mafuta ya kulegeza kutu ulale nazo usiku mzima, maana zikikatika ndani unatafuta bakuli zima. Vijiti vya plastiki vinavyozishika na gasketi ya mpira nunua vipya bila kubishana. Tangu 2018 sheria inazuia kuingiza magari ya miaka 15 na kuendelea, kwa hiyo gari la spea la kubomoa si rahisi kuliagiza. Unachokivunja leo ni cha kukiagiza kwa posta.

Nafasi ya tatu: taa nzima ya LED

Taa nzima, si balbu. Ikiwa na alama ya E na mshale sahihi, ni kitu kizuri kweli: mstari wa dimu uliokatika vizuri, na mzigo mdogo. Mwenye MGB ya awali inayotumia dainamo ya Lucas C40, ambayo mwisho wake ni ampea 22, ndiye anayefaidika zaidi, kwani balbu mbili za dimu zinamla ampea 9 peke yake. Lakini mtu huyo huyo aangalie betri yake: MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zina ethi ya chanya, na LED ya kawaida haiwaki humo hadi umeme wa gari ugeuzwe uwe wa ethi ya hasi. Rilei rahisi isiyo na dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) haijali. Kwenye Datsun na Toyota zinazokata ethi, LED nyingi nazo hugoma. Suluhisho ni zile rilei za nafasi ya kwanza, ambazo zinailetea taa chanya kama inavyotaka.

Pima pia kina cha bakuli, kwa sababu mapezi ya kupooza joto yanatokeza nyuma. Sura ya gari itabadilika, na kwa 240Z, gari ambalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishindia Safari Rally mwaka 1973, macho ya roboti yanakera. Ndiyo maana tumeiweka ya tatu.

Nafasi ya nne: taa za ziada

Anayepanda Kabale alfajiri anahitaji taa za ukungu, zifungwe chini, zenye mwanga mpana. Spotilaiti ziungwe na fulu kwa rilei yake, zizimike fulu inapozimika. Zikiachwa kwenye swichi ya peke yake, utazisahau na wenzako watakulaani hadi Lukaya.

Za kuacha dukani

Balbu za 100/90: zinapika soketi, zinachoma kiakisi, na bila rilei zinaweza kuwasha waya moto. Xenoni ya kuchomeka kwenye H4: hapana. Balbu ya LED ndani ya taa ya H4 ndiyo ya mwisho kabisa, ijapokuwa ndiyo inayouzwa kila kona. Uzi wa dimu wa H4 una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya kiakisi. Taa nzima imechorwa kufuata uzi huo. Chembe za LED zinakaa vingine, mwanga unatawanyika, mbele ya bampa panang'aa na mita 60 mbele hapaonekani.

Nyuma ni tofauti: LED kwenye taa za breki inafaa, ila nyuma ya kioo chekundu weka balbu nyekundu, si nyeupe. Kwa indiketa utahitaji flasha ya elektroniki. Ile ya joto haihisi mzigo mdogo, itakimbia au itakaa kimya.

Mwisho, elekeza taa. Sakafu tambarare, upepo wa magurudumu sawa, dereva kitini, ukuta mita 10 mbele. Chora mstari kwenye kimo cha kitovu cha taa, na mwingine sentimita 10 chini yake. Mstari wa dimu ukae kwenye ule wa chini, na mwinuko uanzie kwenye kitovu cha kila taa kwenda kushoto. Kwa taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, dimu itafika mita 65. Rudia baada ya wiki moja ya murram, kwa sababu skrubu mpya hulegea.