Tamoksifeni au letrozoli?

Swali hili haliishi kuulizwa katika kliniki za saratani ya matiti inayotegemea homoni. Zote ni vidonge vya kila siku, miaka 5 au zaidi, ili ugonjwa usirudi wala kusambaa. Kwa bei, tamoksifeni kwa kawaida ndiyo nafuu. Kwa aliyekoma hedhi, letrozoli hukinga vizuri zaidi kidogo. Anayeziona siku zake haimfai ikiwa peke yake, maana ovari bado zinamwaga estrojeni, homoni inayolisha saratani hii. Madhara ndiyo yenye mvutano. Tamoksifeni huweza kugandisha damu mguuni, na mara chache huleta saratani ya mji wa mimba. Letrozoli hudhoofisha mifupa na kukaza vidole asubuhi, hata kufunga vifungo vya blauzi ikawa kazi. Uliwahi kugandwa na damu, au mifupa yako ni dhaifu? Mwambie daktari kabla hajaandika dawa.