Vitabu vya picha vya kusoma na mtoto, nilivyovipanga mimi

Kabla hujatoa hela fungua kitabu katikati, funika maandishi na kiganja halafu angalia picha peke yake. Kama picha inarudia tu kilichoandikwa mtoto hana kazi pale, atasikiliza mara mbili tatu basi. Kinachodumu ni kile ambacho picha zinajua jambo ambalo maneno hayasemi, hapo yeye ndo anakusomea wewe.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Rosie's Walk cha Pat Hutchins, cha 1968. Maneno 32 tu kitabu kizima! Kuku anazunguka zake shambani anarudi nyumbani, na hakuna neno hata moja linalomtaja mbweha anayemnyemelea kwa nyuma. Mbweha anaruka anatua kwenye reki, mpini unamtwanga usoni, mara yuko bwawani, mara unga umemmwagikia, na we unasoma kwa sauti ile ile ya kawaida kama hujaona kitu, sasa mtoto hawezi kuvumilia, anakushika mkono "yuko nyuma yake, yuko nyuma yake!" Tafadhali usimtajie mbweha, mwache amuone mwenyewe. Na kama hasikii Kiingereza we simulia tu Kiswahili, maneno yenyewe machache.

Mbili, The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, 1969. Kiwavi anatoboa matunda na matundu ni ya kweli, vidole vidogo vinapita, mnahesabu tufaha moja, pea mbili mpaka machungwa matano. Chukua chenye kurasa ngumu maana karatasi nyembamba huanza kuchanika pale pale kwenye matundu.

Tatu ni Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak, 1963. Picha zinaanza ndogo, zinapanuka kadiri Max, mtoto wa kwenye hadithi, anavyoenda mbali na kwao, hadi maneno yanapotea kabisa yanabaki madude yanacheza. Usiharakishe kugeuza kurasa hizo, kaa kimya mtoto aongee. Ila kama ni mwoga msome mchana.

Nne Goodnight Moon cha 1947, hiki ni cha kitandani tu ndo maana nimekishusha. Chumba kinaingia giza polepole ukurasa baada ya ukurasa, na kuna kapanya kanahamahama kwenye picha za rangi, mtafuteni.

Vya vitufe vya kupiga kelele siviweki hata kwenye orodha, mtoto anabonyeza, hasikilizi.