Balansi ya magurudumu ya pikapu: njia ipi ulipie ukiwa Pemba

Kabla hujatoa pesa, isikilize gari. Sukani ikianza kutetemeka kwenye spidi ya 70 au 80, kisha ikatulia ukipunguza mwendo, tazama magurudumu ya mbele. Hapo balansi, yaani uzito wa gurudumu kulingana pande zote, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Sukani imetulia lakini kiti kinakutikisa? Tazama ya nyuma. Inatetemeka pale tu unapokanyaga breki? Hizo ni diski. Inavuta upande mmoja? Hiyo kazi ya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, au upepo wa matairi haulingani. Na ikiwa inachechemea tangu spidi ya 30, ringi imepinda au tairi limevimba, na hakuna balansi itakayokutoa hapo.

Naanza na haya kwa sababu kwetu "kapige balansi" imekuwa dawa ya kila homa. Mtu shokapu zimekufa, boljointi zinalia, anakwenda kupiga balansi. Anarudi vilevile, halafu anamlaumu fundi.

Hesabu kidogo, kwa wasioamini kwamba kipande cha gramu 50 kinaweza kutikisa gari ya tani mbili. Tairi la 265/65R17, ambalo pikapu nyingi za milango minne zinavaa, mzunguko wake ni kama mita 2.4. Ukiwa spidi ya 80 linazunguka mara tisa kwa kila sekunde. Gramu 50 zikizidi upande mmoja wa ukingo wa ringi, kwa spidi hiyo zinavuta kama kilo tatu na ushei, juu, chini, juu, chini, mara tisa kwa sekunde. Shuka hadi 40, mvuto unakuwa chini ya kilo moja, kwani spidi ikipungua nusu nguvu inabaki robo. Ndiyo maana gari inayoshinda kwenye njia za mashamba kubeba ndizi haijui kutetemeka, mpaka siku uipeleke Mkoani kuwahi boti.

Sasa njia zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza: mashine ya kuzungusha, risasi pande zote mbili

Hii ndiyo ya kulipia, na kwa watu wengi hakuna haja ya kusoma zaidi ya hapa. Gurudumu la pikapu ni pana. Uzito unaweza kuzidi ukingo wa ndani huku, na ukingo wa nje kule, vikafichana. Ukilipima limesimama utaona limetulia tuli. Likizunguka linatikisa kichwa kushoto na kulia. Mashine ya kuzungusha inapima pande zote mbili na kukuandikia gramu za kila upande. Fundi anagonga upande uliopungua vile vipande vya uzito tunavyoviita risasi, ingawa siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, anazungusha tena, anatafuta sifuri mbili.

Lakini sifuri mbili hizo zinadanganya, na hapa ndipo pesa zinapopotea. Nitakwambia yaliyonipata.

Nilivaa matairi mapya kwenye Hilux kabla ya msimu wa karafuu, nikaenda gereji moja yenye mashine nzuri tu, taa zinawaka. Kijana akapachika gurudumu, akazungusha: gramu 70 nje, 45 ndani. Akagonga risasi, sifuri na sifuri. Manne yote hivyo hivyo. Nikatoka, kufika pale barabara inaponyooka sukani inatetemeka kuliko jana. Nikarudi. Kwenye foleni alikuwapo mzee mmoja, dereva wa zamani wa lori, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mwambie alilegeze, aligeuze nusu duara kwenye shafti, alikaze tena, azungushe bila kugusa risasi." Kijana hakupenda, lakini akafanya. Ile sifuri ikawa 40.

Maana yake nini? Gurudumu halikukaa katikati ya mashine. Tundu la kati la ringi ya Hilux ya nati sita ni kama milimita 106, kubwa kuliko la gari ndogo. Koni, ile inayoingia kwenye tundu hilo kuliweka gurudumu katikati, kijana alitumia ya gari ndogo, ikawa inacheza, akadhani kukaza kwa nguvu kutatosha. Juu ya hayo, ukingo wa lile tundu ulikuwa na kutu na udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Mashine ilikuwa inapima kosa la kupachika, si kosa la gurudumu. Tukapiga brashi ya waya, tukatafuta koni kubwa, risasi zote zikang'olewa, tukaanza upya. Lile lililotaka 70 na 45 likataka 25 na 15.

Kwa hiyo unachonunua hapa ni upachikaji kuliko mashine. Mambo ya kuangalia umesimama palepale, bila haya:

Kwanza risasi za zamani zing'olewe zote. Fundi anayeongeza mpya juu ya za zamani anakuuzia chuma tu. Pili, ringi isafishwe ndani na nje. Bonge la udongo lililoganda nyuma ya ringi ni gramu 30 au 40 kirahisi, na likidondoka kesho, balansi yako imeondoka nalo. Tatu, muone akiingiza vipimo vitatu kwenye mashine: umbali wa ringi kutoka mashine, upana wa ringi na kipenyo chake. Asipoviingiza, mashine inakumbuka vya gari iliyotangulia, labda kigari cha ringi ya 13. Mwisho, omba ule mtihani wa nusu duara kwa gurudumu moja. Tofauti ya gramu tano, hata kumi, isikusumbue. Ikizidi hapo, chukua gari yako.

Uliza pia kama bei ya gurudumu inajumuisha risasi au zinahesabiwa peke yake. Ugomvi mwingi wa gereji unaanzia hapo.

Ringi za chuma zinataka risasi za kugonga ukingoni. Ringi za spoti, zile za aloi, mara nyingi watu wanataka za kubandika ili zisionekane, na hapo kuna mtego: wapo mafundi wanaoiweka mashine ipime uzito kwa jumla tu, wakabandika kila kitu mstari mmoja katikati. Kwa tairi jembamba utasamehe. Kwa tairi la upana wa milimita 265, umelipia nusu ya kazi. Na za kubandika zinataka ringi ifutwe mafuta na ikauke kabisa. Wanaoshusha gari ufukweni kupakia mwani wanajua, maji ya chumvi hayana huruma na gundi.

Ya pili: mashine yenye rola

Hii inafanya yote ya mashine ya kwanza, ila ina rola kubwa inayolikandamiza tairi kama vile limebeba gari, ikapima wapi tairi ni gumu na wapi ringi si duara kamili. Tairi linaweza kuwa na balansi safi na bado likadunda, kwa sababu upande mmoja ni mgumu kuliko mwengine. Mashine inamwambia fundi aligeuze tairi juu ya ringi, sehemu ngumu ikutane na sehemu ya ringi iliyobonyea kidogo.

Ni nzuri kuliko zote kwa kupima, lakini nimeiweka ya pili kwa sababu mashine yake ni ghali, haiko kila gereji, na kuvusha gari bahari kwa ajili yake ni anasa. Ukiikuta Dar, gari iko huko kwa safari nyengine, na mtetemo umekushinda baada ya balansi mbili za kweli, ilipie. Kuna na hila ya maskini, ingawa haigusi ugumu wa tairi: tairi jipya likiwa na kidoti cha njano, hapo ndipo pepesi kuliko pote, mwambie fundi akilinganishe na valvu, maana valvu inaongeza uzito. Haigharimu kitu, na risasi zinapungua. Wakati huohuo soma zile tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ubavuni: 1419 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019. Balansi nzuri haimrudishii mzee ujana.

Ya tatu: pima maji

Gurudumu linalazwa juu ya kikalio, katikati kuna kipovu kama cha pima maji ya fundi ujenzi. Unapanga risasi mpaka kipovu kije kati. Haitaki umeme, na siku umeme umekatika hilo si jambo dogo. Inaondoa kudunda juu na chini, ila kule kutikisa kichwa nilikokutaja haikuoni kabisa. Kwa gari ya shamba yenye matairi membamba ya ringi 15, isiyozidi spidi ya 60, inatosha, hasa nyuma. Mwambie fundi agawe uzito, nusu ndani nusu nje.

Ya nne: shanga ndani ya tairi

Vijipunje vya kioo au kauri vinavyomwagwa ndani ya tairi, vikajipanga vyenyewe gari ikikimbia. Si uongo, wenye malori na matairi makubwa ya matope wanavitumia. Lakini vinafanya kazi spidi ikishapanda. Mwendo wa polepole havikusaidii, na kila ukisimama vinaanguka chini na kuanza upya. Vinataka pakavu. Upepo wa kompresa isiyokamuliwa maji, kwenye unyevu wetu huu, unavigandisha bonge moja. Valvu inaweza kuziba. Na siku ya pancha, mtoto wa gereji atavimwaga vyote sakafuni akidhani ni uchafu.

Ya mwisho: maji ya kuziba pancha

Wapo wanaoyauza kwa maneno kwamba "yanaziba na kubalansi". Yanaziba, kwa dharura, sawa. Gari ikilala, yanatuama chini ya tairi, na asubuhi unaondoka na uzito uliojikusanya mahali pamoja. Ringi ya chuma ikikaa nayo muda mrefu inashika kutu. Ukiwa ulishayatia, yasafishwe kabla gurudumu halijapanda mashine, vinginevyo kila ukizungusha utapata namba mpya.

Ukishamaliza, nati zikazwe kwa kuruka, moja huku na ya pili mkabala wake, kisha zipitiwe tena baada ya kilomita hamsini hivi. Rudia balansi kila kilomita 10,000, au tairi likitolewa kuzibwa kwa ndani. Na kila ukiosha gari, piga jicho ukingo wa ringi. Ukiona kialama cheupe cha urefu wa kidole katikati ya vumbi na kutu, risasi imedondoka hapo. Kalipie gurudumu hilo moja tu, usikubali kulipishwa manne.